Mabuti Juu ya Majivu

Ukienda kwa Fundi ukamwambia unataka mabuti ya namba tisa, alikuwa kama hakusikii. Aliendelea kuvuta uzi wake mpaka uchoke kusimama. Lakini ukimwambia unakwenda Ugalla kuvua, hapo aliweka kazi chini, akakusogezea kigoda. "Kuvua kwa kusimama majini, au kwa kukaa ukingoni? Unakwenda kwa miguu mpaka wapi? Unabeba nini? Una funza?" Watu wazima, wengine wenye vilemba na wake wawili, walijikuta wanajibu kama wako mbele ya daktari.

Nilikuwa jirani yake Isevya, mjini Tabora, enzi za Waingereza, kwa miaka mingi. Baraza yake na jiko langu vilitenganishwa na ua wa matete, kwa hiyo habari zake nyingi nilizipata kwa sikio huku napepeta mchele. Nimekawia kuziandika kwa sababu nilimkosea, na kosa lile lilimwachisha kazi yake. Nitalifikia. Kwanza nataka mtu amjue alivyokuwa, maana katika kinywa cha marehemu mume wangu Fundi alibaki kuwa yule aliyemla vidole vya mguu, basi, hana habari nyingine.

Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu na sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuangalia miguu ya mtu kabla ya uso. Nadhani baadhi ya majirani aliwajua kwa nyayo tu. Nikimpa shikamoo kutoka nyuma ya ua alijibu marahaba bila kuuliza ni nani, kisha aliniambia kwamba kandambili yangu ya kulia imelegea, anaisikia ikiburuta.

Mguu alikuwa haupimi asubuhi. Ukija asubuhi alikurudisha ukafanye shughuli zako, uje baada ya sala ya alasiri, mguu ukiwa umechoka na kuvimba, kwa kuwa huo ndio utakaosafiri nao. Alikuvalisha soksi mbili nene, akakusimamisha juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akachora. Kisha alikupa mawe mawili uyabebe begani, akachora tena. Michoro ile ilipishana karibu upana wa kidole, na alitaka uione mwenyewe. "Huu mguu wa kwanza ni wa kwendea harusini," alisema. "Huu wa pili ndio ninaoushonea."

Buti likiwa tayari alikupeleka nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu kikubwa kilichomshinda kukivunja, akakuamuru upande na ushuke mara tatu. Vidole vikigusa mbele wakati wa kushuka, alikuvua buti hilo hata kama umekwisha kulipenda. Alitaka kidole chake cha shahada kiingie nyuma ya kisigino, kiingie kwa shida. Kikiingia kwa raha alisema buti litakula ngozi yako kabla hujafika Kwihara, na Kwihara ni hapo tu, mtu anakwenda kutazama shamba na kurudi.

Kulikuwa na karani mmoja wa reli aliyetaka mabuti ya kumwonyesha baba mkwe. Nilisikia mabishano yao yote.

"Nataka yang'ae, Fundi."

"Yakang'ae wapi?"

"Nakwenda Sikonge, kisha mtoni na shemeji zangu, wananialika kuvua."

"Basi chagua. Nikiyapaka dawa ya kung'arisha hayatakunywa nta. Yasipokunywa nta yatakunywa maji. Shemeji zako watakuona unang'aa asubuhi, na jioni watakuona unachechemea."

Karani alinuna, akaondoka, akarudi kesho yake. Mabuti aliyopewa yalikuwa na rangi ya udongo, na nasikia baba mkwe aliyapenda mno mpaka akabaki nayo.

Urefu wa buti nao ulikuwa na sheria. Kwa mtu wa kutembea, lipite kifundo cha mguu kwa vidole vinne. Kwa mvuvi, lifike nusu ya muundi, lisizidi. Mzungu mmoja wa serikali, mpenda kuvua kwa fimbo, alikuja akitaka mabuti ya kufika mapajani kama aliyoyaona kwao. Fundi alimkatalia. Alimwambia, kwa adabu zote, kwamba bwana mkubwa akiteleza kwenye maji ya Malagarasi, mabuti hayo yatajaa na yatakuwa mitungi miwili iliyofungwa miguuni, na hakuna mtu wa kambini atakayeweza kumvuta. Mzungu alicheka sana. Alishonewa ya nusu muundi, na alipohamishwa kutoka Tabora alikuja kuaga, jambo ambalo Fundi alilisimulia mpaka tukaligeuza kuwa utani. Mtu akichelewa kuja kwenye shughuli tulimwambia, "Hata Mzungu wa Fundi alikuja kuaga."

Siyo kwamba alichukia mabuti mengine. Duka moja la Mtendeni lilianza kuuza gambuti, yale mabuti meusi ya mpira, na watu walidhani Fundi atayatukana. Hakuyatukana. Kama mtu anavua karibu, anasimama saa mbili majini na kurudi nyumbani, alimtuma huko huko Mtendeni. "Mpira haupitishi maji, siwezi kushindana nao," alisema. "Ila haupitishi na joto. Tembea nao siku moja, jioni mguu umeiva." Kwa safari ya siku nne na uvuvi juu yake, alisema mtu ama achukue jozi mbili, ama aje kwake.

Ngozi yake ilikuwa ya mgongo wa ng'ombe. Ya tumbo aliikataa kwa kuwa inalegea na kunywa maji. Soli alishona kwa uzi wa katani uliopitishwa kwenye nta, hakupiga misumari, kwa sababu msumari unashika kutu na kutu inapanua tundu. Nta yenyewe aliletewa na warina asali waliotoka porini, watu wa maneno machache wanaonuka moshi.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka, baba. Safari hii umeichuja?"

"Makapi yamebaki kidogo tu."

"Hayo kidogo ndiyo yatakayonirudisha kazini. Kaichuje tena, nitakungoja."

Nao walikwenda kuichuja. Fundi aliiyeyusha na mafuta ya mkia wa kondoo, akaipaka ikiwa moto kwenye kila mshono, kisha akayaacha mabuti juani siku nzima, ayapake tena, siku tano mfululizo. Kiasi cha nta kwa kiasi cha mafuta hakumwambia mtu. Mkewe, mama mpole aliyeishi naye tangu ujana, alikuwa hajui. Mimi nilichungulia mara mbili kwenye ua nisiambulie kitu.

Na baada ya siku tano ndipo yalipokuja majivu.

Alitandaza majivu makavu kwenye sinia mbili pana, akasimamisha buti moja katika kila sinia, akayajaza mabuti maji mpaka juu. Yalikaa hivyo tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kisha aliinua buti na kutazama chini. Majivu yakiwa meupe, mabuti yamefaulu, na mwenyewe aliruhusiwa kuyachukua. Yakionyesha doa, hata dogo, Fundi alichukua kisu akafumua mshono, na siku tano zikaanza upya. Nimewasikia watu wakimbembeleza, wakimwambia doa lile ni la mkono wake mwenyewe uliokuwa na maji. Alifumua tu.

Majivu yalitoka jikoni kwangu. Ya mkewe aliyakataa kwa sababu aliyachanganya na punje za mkaa, na punje nyeusi inafanana na doa. Mimi nilichoma kuni za mninga, nikachekecha majivu kwa chekecheke la unga lililokuwa bovu, nikampitishia debe juu ya ua. Nilijisifia jambo hilo. Niliwaambia wanawake wenzangu kwamba hakuna buti linalokwenda Ugalla bila idhini ya jiko langu, nao walinicheka.

Sasa niseme alivyokuwa mgumu, nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na majivuno. Buti likirudi baada ya miaka mitatu likiwa zima, alilitundika barazani wiki nzima kabla ya kulitengeneza, wapita njia walione. Alinuna upesi na alikumbuka neno alilotukanwa miaka iliyopita. Yeye mwenyewe alitembea peku. Wakati wa masika alivuka mifereji ya Isevya na miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, na ukimuuliza alisema kinyozi hajinyoi. Tena alikataa kabisa kumshonea mwanamke mabuti ya majini. Nilimwomba mwaka mmoja, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kwenye tope la majaruba kupanda mpunga tangu asubuhi, huku mume wangu akiota jua. Alisema mwanamke hana safari ya siku nne. Nilimjibu kwamba mwanamke hana safari kwa sababu hana viatu. Alicheka, lakini hakunishonea. Jambo hilo lilinikaa rohoni, na huenda lina sehemu yake katika niliyoyafanya, sijui. Nisitafute pa kujificha.

Mume wangu, Baba Mwajuma, alikuwa mvuvi wa kiangazi. Mvua zikikatika na maji ya mbuga yakianza kurudi mtoni, yeye na wenzake walitoka mjini kwa njia ya zamani ya misafara, wakapita Kwihara, kisha wakashika pori la kusini mpaka Ugalla, siku nne. Huko walikaa miezi, wakitega migono na kubanika kambale na perege. Mzee wa kambi aligawa sehemu za mto kwa wanaofika kwanza. Anayechelewa alipewa maji ya kina kifupi yenye matope na ruba, na alirudi nyumbani na magunia mepesi.

Alikuwa mtu mzuri akiwa safarini au akiwa amerudi karibuni. Lakini miezi ya mvua ilimharibu. Alikaa nyumbani akihesabu chumvi ninayotia kwenye mboga. Aligombana na kuku. Mwajuma, binti yetu, alijifunza kupita nyuma ya nyumba ili asiulizwe anatoka wapi. Mwaka huo mvua zilichelewa kuisha, na mimi nilikuwa nimechoka naye kabisa. Naandika hivi nikiwa mjane, na nilimpenda, lakini mwezi ule nilitaka aondoke.

Mabuti yake ya zamani yalikuwa yamekwisha. Fundi alimpima kwa mawe mawili begani, akampandisha kichuguu, akamfokea kwa kukata kucha vibaya, akamshonea. Siku ya tano ya nta iliangukia Alhamisi. Majivu yakawekwa Ijumaa. Wenzake walikuwa wanatoka Jumamosi alfajiri, hawamngoji mtu.

Ijumaa ile Fundi alitaka kwenda msikitini na kupitia kwenye matanga ya mtu wa Mtendeni, na mkewe hakuwapo. Aliniita kupitia ua.

"Mama Mwajuma, nitazamie mabuti. Kuku wasije wakayamwaga."

"Nenda tu, Fundi. Niko hapa."

Nilizunguka nikakaa barazani kwake na ukili wangu. Baada ya muda nikainama kutazama, kwa udadisi tu. Buti la kulia, safi. La kushoto nililiinua kidogo, kwa mikono miwili kwa kuwa lilikuwa zito la maji, nikaona doa. Lilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, upande wa ndani, chini ya mshono ulio karibu na kifundo.

Nilijua maana yake. Kufumua, na siku tano tena. Wenzake wameondoka, nafasi nzuri ya mto imekwenda, naye yumo ndani na hasira ya kuchelewa, ananiuliza kwa nini chai ina moshi. Nilikaa pale nikitazama doa likikua taratibu. Nilijiambia hilo si tundu, ni jasho la ngozi. Nilijiambia siku nne za kwanza ni za vumbi. Kisha nikaenda jikoni kwangu, nikachota majivu kwenye bakuli, nikarudi. Niliyatoa yaliyolowa, nikatandaza makavu, nikafuta mshono kwa pindo la kanga, nikalirudisha buti mahali pake. Haikuchukua muda.

Fundi alirudi kabla buti halijapata muda wa kulowesha tena majivu, akapiga magoti mbele ya sinia. Aliinua la kulia, akatazama. Aliinua la kushoto, akatazama kwa muda mrefu zaidi, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Majivu yalikuwa meupe. Aliyagusa kwa kidole.

"Haya," alisema. "Mwambie akachukue njia. Na ahsante kwa kunilindia."

Nilirudi kwangu nikapika vizuri kuliko siku zote.

Waliondoka. Nyumba ikawa kimya, nikaufurahia ukimya huo kwa wiki tatu. Wiki ya nne walimleta mume wangu juu ya baiskeli, amefungwa kwa kamba kwenye kiti cha nyuma, wenzake wawili wanaisukuma. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa shuka, na harufu ilifika kabla yake. Hospitali walimkata vidole vitatu na kipande cha unyayo. Daktari alisema wangechelewa siku mbili wangeukata mguu wote.

Alipopata nguvu ya kusema alinieleza, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Siku ya kwanza mtoni alihisi unyevu ndani ya buti. Fundi alikuwa amewafundisha wote, ukihisi maji ndani vua papo hapo, kausha mguu, kausha buti, usirudi majini. Yeye hakuvua.

"Nilijua ni jasho," alisema. "Buti limekaa juu ya majivu, Fundi kasema halivuji. Kama halivuji, maji yatatoka wapi?"

Akalivaa hivyo siku baada ya siku, mguu ukalainika, malengelenge yakapasuka, uchafu wa tope ukaingia. Laiti asingemwamini Fundi angevua buti siku ile ile, na angerudi na vidole vyake vyote.

Fundi alikuja kumjulia hali siku aliyotoka hospitali. Hakukaa. Aliliomba lile buti, nikamletea. Akaenda kwake, akatandaza majivu, akalijaza maji, nasi tukamwona kupitia mlango wa ua uliokuwa wazi. Doa lilitokea kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Akarudi na sinia mkononi.

"Siku ile yalikuwa makavu," alimwambia mume wangu. "Niliyaona kwa macho yangu. Niliyagusa."

"Uliyaona wapi?" mume wangu alimjibu. "Umeniua mguu, unaniletea majivu."

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na bakuli la uji. Neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama mume wangu aliyelala pale, nikamtazama Fundi, nikapuliza uji upoe. Fundi alingoja kidogo, pengine akitumaini mtu atasema chochote. Kisha akatoka.

Kesho yake aliniambia nisimchekechee tena majivu. Mabuti yaliyokuwa yameanzwa aliyarudisha kwa wenyewe yakiwa vipande, akawatuma Mtendeni. Kuanzia hapo alishona makubadhi na kutia viraka kwenye mikoba. Wavuvi walimjia kumbembeleza, hata waliojua habari ya mume wangu, wakisema ajali ni ajali. Aliwajibu kwamba hana kipimo. Sikuelewa neno hilo wakati ule. Nilidhani ni huzuni tu, itapita. Mume wangu alipata kazi ya kulinda ghala, akawa anachechemea barabarani, na kila aliyemuuliza kuhusu mguu alimtajia Fundi. Msikitini hawakupeana tena mikono. Baada ya miaka miwili Fundi na mkewe walihamia upande wa Kwihara, kwenye shamba la mihogo na karanga.

Nilinyamaza miaka kumi na moja. Mtu hapangi kunyamaza miaka kumi na moja. Ananyamaza leo, kwa sababu leo mgonjwa ana homa. Kesho ananyamaza kwa sababu alinyamaza jana, na akisema ataulizwa jana alikuwa wapi. Nilimhudumia mume wangu mpaka alipofariki kwa maradhi ya kifua, na hata siku ya mwisho aliyemlaumu ni Fundi, si mimi.

Eda ilipokwisha nilikwenda Kwihara kwa miguu. Nilimkuta Fundi amekaa kizingitini mwa nyumba, anamenya karanga. Alikuwa amezeeka kupita miaka yake, na mikono ilitetemeka hata alipokuwa ameipumzisha juu ya magoti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Mwajuma. Nilisikia msiba. Mungu amrehemu. Sikuja, nikiogopa kuwachokoza wenye msiba."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, lakini yalitoka ovyo, kuku, doa, kanga, bakuli. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Doa lilikuwa upande gani?"

"Wa ndani. Chini ya kifundo."

"Unapoanzia mshono wa ulimi," alisema. Akatikisa kichwa. "Ndiyo. Pale uzi ulinikatikia, nikaunga."

"Nisamehe, Fundi."

Alitazama mikono yake. "Unajua kwa nini niliacha? Watu wanadhani ni kwa ajili ya vidole vya mumeo. Vidole viliniuma, lakini mshono mbaya hutokea. Mshono mbaya unafumua unashona. Mimi nilidhani kipimo ndicho kilichonidanganya. Niliyatazama majivu makavu, na buti linavuja. Nikajiuliza, mangapi mengine yalitoka hapa yakivuja, wangapi wamo maporini wanaoza miguu? Sikuwa na kipimo kingine. Ningemwambia nani achukue njia?" Akarudi kwenye karanga zake, akamenya moja. "Kumbe majivu yalikuwa sawa."

"Yalikuwa sawa."

"Ungeniambia wiki ile, ningefumua mshono mmoja, nikaendelea na kazi."

Nililia. Hakunizuia na hakunibembeleza. Alimwita mkewe kutoka shambani, akanitaka nirudie maneno yote mbele yake. Nikarudia. Yule mama alisimama na jembe begani, na nilipofika mwisho alimtazama mumewe, si mimi.

"Miaka yote nilikuwa nakwambia si wewe," alimwambia.

"Ulikuwa unasema tu. Ulikuwa hujui."

"Sikujua," mkewe alisema. "Lakini nilisema."

Fundi alitaka mambo mawili. La kwanza, niwaambie shemeji zangu, ndugu za marehemu, tena wote wakiwa pamoja, kwa sababu jina lake lilichafuliwa mbele za watu. Nilikubali, na nililifanya juma lile lile. Mmoja hajanisemesha tangu hapo. La pili alilisema niliposimama kuondoka.

"Kukusamehe nimekusamehe, Mungu ni shahidi yangu. Lakini usije tena, Mama Mwajuma. Nikikuona nitakuwa nahesabu mabuti ambayo sikuyashona."

Nilikuwa nimekusudia kumletea unga, kumfulia, kumsaidia mkewe kupalilia, nilikuwa nimekwisha kuipanga toba yangu yote kichwani. Nilimwambia sawa, nikashika njia ya mjini.

Sikwenda tena alipokuwa hai. Nilisikia kifo chake sokoni, kwa mtu aliyekuwa akizungumza na mwingine, nikaenda matangani bila kualikwa na mtu. Nilikaa nje, mwisho wa mkeka, pamoja na wanawake wa Kwihara wasionijua. Wavuvi wazee walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Mwanamke aliyekaa kando yangu aliniona nalia, akanisogezea maji, akaniuliza marehemu alikuwa nani wangu.

Nilimwambia tulikuwa majirani.